Kiungo kigumu kinapodanganya: dalili na vyanzo katika modeli za miundo

Programu ikikataa kukokotoa, shukuru. Modeli ya kuogopa ni ile iliyokubali, ikakupa picha yenye rangi nzuri, huku sharti moja la ugumu limeshafuta nguvu uliyotakiwa kuiwekea nondo.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachofanyika ndani. Programu za kuchambua miundo kama SAP2000, ETABS, OpenSees na jamaa zake haziioni slabu ngumu au kiungo kigumu kama zege. Zinaona mlinganyo. Ukizifunga nodi mbili (nukta za modeli ambako sehemu zake hukutana), unaweka sharti: unaiambia programu kwamba msogeo wa nodi hii utakokotolewa kutoka kwenye nodi ile. Inayobaki kwenye hesabu ni nodi kuu. Inayoondolewa ni nodi fuasi. Kwa diaframu ya mlalo, yaani sakafu inayochukuliwa kuwa bamba gumu lisilobadilika umbo katika usawa wake, kila nodi fuasi inaandikwa hivi:

ux = Ux − θ(y − Y)
uy = Uy + θ(x − X)

Herufi kubwa ni za nodi kuu, na θ ni mzunguko wake kwenye mhimili wima. Hakuna E (moduli ya unyumbufu) wala unene humo. Kwa hiyo kila dalili utakayoiona hapa chini ninaiuliza maswali mawili: umeondoa uhuru gani (njia ipi ya nodi kusogea au kuzunguka), na nguvu iliyokuwa ikipita kwenye uhuru huo sasa inapita wapi?

Ukokotozi unasimama njiani

Ujumbe hutofautiana kati ya programu na programu, lakini maana ni moja: matriksi ya ugumu, jedwali la milinganyo yote ya modeli, haina suluhisho. Usikimbilie kuongeza mategemeo. Anza na nodi kuu.

Katika OpenSees ni kawaida kuunda nodi mpya katikati ya uzito wa sakafu na kuifanya nodi kuu ya diaframu. Nodi hiyo haina boriti wala nguzo. Diaframu inashughulikia misogeo miwili ya mlalo na mzunguko mmoja. Msogeo wa wima na mizunguko miwili mingine inabaki hewani bila ugumu wowote. Ifungie hiyo mitatu kwa fix, amri ya kuzuia nodi isisogee. Watu wengi huishia hapo na modeli inakubali.

Kama haikukubali, tafuta nodi yenye mabwana wawili. Nodi ya juu ya nguzo imo kwenye diaframu, halafu mtu mwingine ofisini ameiunganisha pia na ukuta wa lifti kwa mkono mgumu (kiungo kigumu kati ya nodi mbili zilizoachana), nayo ikawa fuasi mara ya pili. Mbinu ya ugeuzi, inayoitwa Transformation ndani ya OpenSees, haifuatilii minyororo ya namna hiyo. Nodi kuu ya sharti moja isiwe fuasi ya sharti jingine, na nodi ya tegemeo ifungwe kwa fix badala ya kufungwa kwa sharti linaloielekeza kwenye nodi nyingine. Suluhisho kwa kawaida ni kupanga upya: nodi kuu moja kwa kundi lote. Ikishindikana, geuza mmojawapo wa mikono uwe elementi halisi, yaani kipande cha modeli, yenye ugumu mkubwa wa kiasi.

Chanzo cha tatu ni cha wanaotumia vizidishi vya Lagrange. Mbinu hii, njia nyingine ya kutekeleza masharti, inaongeza visivyojulikana vipya, na kwenye mshazari wa matriksi panatokea sifuri. Kikokotozi kinachodai matriksi iwe chanya kamili, kama ProfileSPD, kitakwama hapo hata kama muundo wako hauna kasoro. Badili kikokotozi, weka UmfPack kwa mfano, kabla hujaanza kubomoa modeli.

Hakuna kosa, lakini sharti halipo

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Umeandika rigidDiaphragm, amri ya diaframu ya OpenSees, modeli imekwenda mpaka mwisho, na nodi za sakafu moja kila moja inasogea kivyake. Kishughulikia masharti cha Plain katika OpenSees kinaweza kutekeleza tu masharti ambayo matriksi yake ni ya utambulisho, yaani yale ya equalDOF ya kusema "hii sawa na ile". Diaframu ina mikono ndani yake, zile (x − X) na (y − Y), kwa hiyo Plain inatoa onyo kwenye skrini na kuendelea kana kwamba hukuandika kitu. Onyo lenyewe linapita haraka katikati ya mistari mia.

Kipimo ni kuhesabu milinganyo. Sakafu yenye nodi 40 ina digrii za uhuru 240. Ukiifunga kwa diaframu moja, kila nodi inabaki na tatu zake za nje ya mlalo, jumla 120, pamoja na tatu za sakafu nzima: 123. Programu nyingi huandika idadi ya milinganyo kwenye faili la ripoti ya ukokotozi. Kama namba haikushuka, sharti halikuingia. Kama imeshuka kuliko ulivyotarajia, kuna nodi imeingia kwenye kundi bila kualikwa.

Sakafu moja haisogei kabisa

Jengo liko kwenye mteremko. Nguzo za mbele zinaanzia chini, za nyuma msingi wake uko juu, usawa uleule wa sakafu ya kwanza. Mtu anachagua nodi zote za usawa ule na kuzipa diaframu, na nodi ya tegemeo imo humo. Tegemeo likiwa limefungwa kabisa, misogeo yake miwili ya mlalo na mzunguko wake wa wima ni sifuri. Kwa mlinganyo wa hapo juu, sakafu nzima ni sifuri. Utaona msogeo wa ghorofa hiyo haupo, na tegemeo moja limebeba nguvu ya mlalo ya kutisha.

Ondoa nodi hiyo kwenye kundi. Ukiwa hapo, ondoa na za vikanyagio vya katikati vya ngazi na za paa la mteremko, ambazo hukamatwa kwa sababu tu Z yao inalingana. Diaframu ya mlalo ikikamata nodi za paa lililoinama, inakaza viguzo kwa namna ambayo seremala hajawahi kuikaza.

Majengo mawili yanatembea pamoja

Ndugu wa tatizo hilo. Jengo refu limegawanywa kwa nafasi ya upanuzi, au minara miwili imesimama juu ya kitako kimoja (ghorofa pana za chini). Diaframu imepewa jina moja, D1, kwa kila kitu kilichoko ghorofa ile. Programu haijui kwamba kuna pengo la milimita 50. Angalia umbo la mtetemo wa kwanza: kama pande mbili zenye ugumu tofauti zinakwenda sambamba kama askari wa gwaride, zimefungwa. Wape D1 na D2.

Momenti inapotea njiani

Kuna masharti ya usawa na kuna masharti ya mwili mgumu, na watu wanayachanganya kila siku kwa sababu kwenye skrini yanafanana. Sharti la usawa linasema msogeo wa nodi B ni sawa na wa A, basi. Sharti la mwili mgumu linasema B inafuata A pamoja na mchango wa mzunguko kwa umbali uliopo kati yao.

Chukua umbali wa m 3 na mzunguko wa radiani 0.001. Kwa mwili mgumu, B inasogea mm 3 zaidi kutokana na mzunguko huo. Kwa sharti la usawa inasogea sifuri zaidi. Ukiangalia upande wa nguvu ndipo utaelewa ukubwa wa kosa: sharti la usawa linachukua mzigo ulioko B na kuuweka A bila momenti. Mzigo umehamishwa m 3 bure, na msawazo wa muundo mzima umevunjika bila programu kulalamika, kwa sababu kwa hesabu yake mlinganyo umetimia.

Jaribio lake ni dogo. Chora nguzo moja iliyofungwa chini. Juu yake weka nodi fuasi m 3 pembeni, kwa sharti unalotaka kulitumia. Tundika kN 10 kwenda chini kwenye nodi hiyo. Chini ya nguzo lazima usome momenti ya kNm 30. Ukisoma sifuri, umeweka la usawa. Kwenye SAP2000 chaguo la Equal ndilo la usawa, na Body ndilo la mwili mgumu. Kwenye OpenSees ni equalDOF dhidi ya rigidLink ya aina ya beam. La usawa lina kazi yake halali, kwa nodi zilizoko mahali pamoja kabisa, mfano pande mbili za bawaba, au kwa ulinganifu. Nodi zikiachana hata sentimita chache, mimi silitumii bila kuandika sababu pembeni.

Kwenye modeli kubwa, ambako huwezi kuona kNm 30 kwa macho, linganisha jumla ya momenti za mizigo na za mategemeo kuhusu nukta moja. Jumla ya nguvu peke yake haitakuonyesha kitu. Nguvu zitalingana vizuri kabisa.

Boriti za sakafu zina nguvu ya mhimili sifuri

Hapa programu haijakosea. Nodi mbili za boriti zimo kwenye diaframu ileile, kwa hiyo umbali kati yao haubadiliki. Hakuna kurefuka, hakuna kufupika, hakuna nguvu ya mhimili. Lakini nguvu haikufutika duniani. Inapita ndani ya sharti, mahali ambapo mchoro wa boriti haufiki.

Kwa sakafu ya zege yenye boriti za kawaida unaweza kuishi nalo. Kwa fremu ya chuma yenye breisi, yaani vipande vya mshazari vya kuikaza, huwezi. Breisi yenye kN 400 kwa nyuzi 45 inaleta takribani kN 283 za mlalo kwenye kiungo cha boriti, na modeli inakuonyesha sifuri. Mtu akikadiria boriti ile kwa mkunjo peke yake, na boliti zake kwa nguvu ya kukata peke yake, ametoa mchoro wenye kasoro kutoka kwenye modeli isiyo na kosa hata moja kwenye ripoti. Hali ni hiyohiyo kwa boriti zinazokusanya nguvu za sakafu na kuzipeleka kwenye ukuta, na kwa sakafu ya juu ya kitako ambako ukuta wa mnara unaachia nguvu zake kwa kuta za chini.

Njia iliyo safi ni kuacha diaframu ngumu na kuiweka slabu kama elementi za sheli (vipande vya bamba) zenye unene wake halisi. ETABS inaliita chaguo hilo diaframu nusu ngumu. Njia ya haraka ni kuitoa nodi ya breisi kwenye diaframu, lakini uwe na uhakika kwamba nguvu bado ina pa kupita. Na ya tatu, ya mkono: chora mchoro wa nguvu za kiungo, pata tofauti, iongeze kwenye ukadiriaji. Ni ya kizamani, na bado ndiyo ninayoiamini ninapokagua kazi ya mtu.

Kama unajiuliza ni lini diaframu inastahili kuitwa ngumu, Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya matetemeko, inatoa kipimo: misogeo ya mlalo iliyopatikana kwa unyumbufu halisi wa sakafu isizidi ile ya dhana ya ugumu kwa zaidi ya asilimia 10 mahali popote. ASCE 7, kanuni ya Marekani ya mizigo, inapima upande wa pili: sakafu inahesabika nyumbufu ikiwa mnepo wake mkubwa unazidi mara mbili wastani wa msogeo wa ghorofa. Mpango wa umbo la L au U, au sakafu iliyotobolewa na ngazi, lifti na uwazi wa katikati, ni wa kupimwa, usiuamini kwa macho.

Nguvu kubwa bila mzigo mkubwa

Umeweka joto la nyuzi 20 za Selsiasi kwenye boriti ya zege ya mm 300 kwa 500. Boriti ya m 6 ilitaka kurefuka mm 1.2. Diaframu imeikataza. Kwa E ya GPa 30 na mgawo wa upanuzi wa 10 kwa milioni, inatokea kN 900 za mgandamizo, urefu wa boriti uwe wowote. Mtu anashtuka na kuongeza nondo kwenye boriti.

Kosa lenye madhara liko kwenye nguzo. Sakafu isiyorefuka haisukumi nguzo za mwisho, kwa hiyo momenti ambazo joto lingeziletea nguzo hizo hazipo kabisa kwenye matokeo. Boriti imepewa nguvu isiyo yake, na nguzo ya pembeni ya ghala refu imenyimwa iliyo yake. Kwa hali ya mzigo wa joto au kusinyaa kwa zege, ondoa diaframu ngumu. Tengeneza nakala ya modeli ikibidi.

Kuna toleo la hila zaidi kwa wanaofanya uchanganuzi usio wa mstari kwa sehemu za nyuzi, ambako mkato wa boriti hugawanywa vipande vidogo vya zege na chuma. Boriti ya zege ikipasuka, mhimili wake wa katikati unahama na boriti inataka kurefuka. Diaframu inaizuia, mgandamizo wa bandia unazaliwa, na mgandamizo huo unaongeza uwezo wa momenti wa boriti. Mkondo wa kusukuma jengo (nguvu ya mlalo dhidi ya msogeo) unapanda juu na wote mnafurahi. Angalia nguvu ya mhimili ya boriti moja kabla ya kufurahi. Ikiwa ipo na inakua, legeza uhuru wa mhimili kwenye ncha moja ya kila boriti ya nyuzi, au itoe nodi moja kwenye diaframu.

Majibu yanabadilika ukibadilisha namba ya ugumu

Hii ni ya mbinu ya adhabu na ya "boriti ngumu" za kujitengenezea. Wazo ni kuweka chemchemi yenye ugumu mkubwa sana badala ya mlinganyo. Swali ni mkubwa kiasi gani.

Nguzo ya mm 300 kwa 300, urefu m 3, E ya GPa 30: ugumu wake wa mlalo, 12EI/L³, ni kN/m 9,000, na wa mhimili, EA/L, ni kN/m 900,000. Kompyuta inatunza takribani tarakimu 16. Ukimpa mtu uhuru wa kuandika namba anayoitaka, ataandika 1 ikifuatiwa na sifuri 21, kwa kujihakikishia. Ukijumlisha 9,000 kwenye namba hiyo, kompyuta inarudisha namba ileile: nguzo yako imemezwa na haimo tena kwenye matriksi. Ndipo utaona misogeo ya ajabu, au matokeo yanayobadilika kila ukiongeza sifuri moja.

Kanuni inayofundishwa ni kuchukua kipeo cha ugumu mkubwa zaidi wa jirani na kuongeza nusu ya tarakimu za kompyuta. Hapa 6 na 8, yaani 10¹⁴. Mimi naichukulia hiyo kuwa dari. Mara 1,000 hadi 100,000 ya ugumu wa jirani, kwa mfano huu kati ya 9×10⁸ na 9×10¹⁰, inatosha kwa kazi ya ofisi, na unathibitisha kwa kuizidisha mara 10 na kuona kama matokeo yanatulia.

Angalia pia urefu. Mkono mgumu wa m 0.15 uliotengenezwa kwa sehemu ileile ya nguzo tayari una ugumu wa mlalo mara 8,000 zaidi, kwa sababu urefu umegawanywa kwa 20 na kipeo chake ni cha tatu. Ukiuzidishia tena E kwa milioni umeingia shimoni bila kujua. Na usisahau kuufuta uzito: elementi ya bandia ya m 1 kwa m 1 yenye msongamano wa zege inaongeza tani ambazo hakuna fundi atakayezimwaga.

Jengo ni gumu kupita kiasi

Kipindi cha mtetemo ni kifupi kuliko ulivyokadiria kwa mkono, misogeo ya ghorofa ni midogo mno. Mshukiwa wangu wa kwanza ni ukanda mgumu kwenye makutano ya boriti na nguzo. SAP2000 inaanza na kigezo cha 0, yaani urefu wa ndani ya kiungo unakunjika kama sehemu nyingine. 1 inaufanya mgumu kabisa. Mwongozo wa programu yenyewe unasema kwa kawaida kisizidi takribani 0.5, na hata hivyo modeli zenye 1 kila mahali hazikosekani. Kigezo hicho kinagusa mkunjo na nguvu ya kukata tu. Urefu kwa upande wa mhimili na msokoto haubadiliki.

Kwa fremu za zege zilizopo, ASCE 41, kanuni ya Marekani ya kutathmini majengo yaliyopo, inatazama nani ana nguvu zaidi kwenye kiungo. Jumla ya uwezo wa nguzo ikizidi ya boriti kwa uwiano wa zaidi ya 1.2, ukanda wa nguzo ndio unaofanywa mgumu na wa boriti unaachwa. Ukiwa chini ya 0.8, kinyume chake. Kati ya hapo, nusu kwa nusu.

Momenti ya boriti inakwisha ikifika ukutani

Ukuta ni wa sheli, boriti ni ya fremu, nazo zinakutana kwenye nodi moja ukingoni mwa ukuta. Boriti ikikunjika katika uwima, mzunguko wake kwa ukuta ni ule wa kuuzungusha ndani ya uso wake, ambao elementi nyingi za sheli zina ugumu hafifu au wa kutungwa. Dalili ni momenti inayobadilika kila ukipunguza ukubwa wa matundu ya wavu wa elementi. Endeleza boriti ndani ya ukuta kwa elementi moja au mbili, au funga ncha ya boriti na nodi za ukuta zilizoko juu na chini yake kwa kimo cha boriti. Usifunge ukuta mzima.

Mkono mgumu unarefuka

Milinganyo ya juu ni ya mizunguko midogo. Mkono wa m 3 ukizungushwa radiani 0.1, ncha yake ingetakiwa kuvutwa nyuma takribani mm 15. Sharti la mstari linaisogeza pembeni tu, na mkono unakuwa na urefu wa m 3.015. Kwa jengo la kawaida hutafika huko. Kwa kuchambua namna muundo unavyoanguka, au mtambo wenye sehemu zinazozunguka, utafika, na hapo sharti la mstari litoke, iingie elementi ngumu inayokokotolewa kwa jiometri ya misogeo mikubwa.